Mtungi Usiotajwa Jina: Kahawa, Pombe na Haya za Ushairi Wetu

Kosa ninalolieleza hapa ni langu mwenyewe. Nimeona bora niliungame mbele ya wasomaji wa jarida hili kuliko penginepo, kwa kuwa ni kosa la lugha, nanyi ndio mnaojua uzito wa neno lililowekwa pasipo pake.

Nimezaliwa Ilagala, kusini mwa Ujiji, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya michikichi, mihogo na dagaa. Mafuta ya mawese ndiyo yanayotujulisha kwa watu wa mbali, na boti zinazowachukua wageni kwenda kuwatazama sokwe wa Mahale hupita mbele ya pwani yetu zikielekea kusini. Miaka michache iliyopita kampuni moja ya kutembeza wageni iliniomba niutie Kiswahili upande mmoja wa kipeperushi chake, kwa ajili ya wageni wa ndani: watu wa Dar es Salaam, Mwanza na visiwani. Mada yake ilikuwa vinywaji vya asili ambavyo mgeni akifika mwambao wa Kigoma asiondoke bila kuvionja. Nilifurahi. Mimi si msomi wa vyuo. Ushairi nimejifunza redioni na katika kurasa za magazeti, na Kiingereza nimekiokota kwa kamusi. Kuombwa kazi ya namna hiyo nilikuona ni heshima.

Mwezi mmoja baada ya kipeperushi kutoka, walifika kijijini wageni sita. Mmoja wao alikuwa mzee wa visiwani, mwenye kanzu na kofia ya viua, mpole wa maneno. Alikaribishwa barazani kwa shangazi yangu, akakifungua kipeperushi, akaweka kidole penye mstari mmoja.

“Bibi, naomba nionje hiki.”

Shangazi hakusoma sana, ila kupokea mgeni anakujua. Aliingia ndani, akatoka na kikombe. Mzee akapiga funda moja. Alinyamaza kidogo, akakiweka kikombe chini taratibu, kisha akatoka nje kusukutua. Pale ndipo shangazi alipofahamu.

“Sheikh, niwie radhi. Nilidhani waijua.”

“Huna kosa, bibi,” alijibu. “Mimi nimekunywa nilichokisoma.”

Alichokisoma nilikiandika mimi: “kinywaji baridi cha ndizi, cha asili, kitamu.” Matini ya Kiingereza niliyopewa ilisema waziwazi kwamba ndizi hizo zimechachushwa. Mimi, Mwislamu nisiyekunywa, niliona haya kuweka neno pombe katika karatasi yenye jina la kijiji chetu, nikaliondoa. Usiku ule shangazi aliniuliza swali ambalo makala haya ni jaribio la kulijibu: “Mwanangu, ulimwonea haya nani? Mgeni, au mimi?”

Nimekirudia kipeperushi kile na kukisoma kama ninavyosoma diwani ya mtu mwingine. Kahawa nimeipa mistari kumi na minne. Umo mkaa, limo dele (wengine huliita mdila), vimo vikombe visivyo mikono vinavyogonganishwa na muuzaji apitapo mitaa ya Ujiji, imo tangawizi, imo kashata. Pombe ya ndizi nimeipa mstari mmoja, nao ni ule wenye udanganyifu. Mtu asiyetujua angehukumu kwamba kwetu kahawa ndiyo iliyo nyingi na pombe ni kitu cha pembeni. Ukweli wa Ilagala si huo, na ukweli wa Buha yote si huo. Basi uwiano ule haukutoka katika maisha. Ulitoka katika ushairi. Niliandika vile kwa sababu kahawa imeniachia akiba ya maneno, na pombe haikuniachia ila lawama.

Tuanze na hiyo akiba. Kahawa ya mwambao ni kinywaji cha baraza, na baraza ndiyo shule ya mashairi yetu. Kikombe hupita kutoka mkono hadi mkono huku beti zikipita kutoka kinywa hadi kinywa. Aliyetunga usiku huja asubuhi kuupima utungo wake mbele ya wanaokunywa. Kutoka Zanzibar na Bagamoyo desturi hiyo ilisafiri na misafara hadi Ujiji, mji ambao Burton aliufikia Februari 1858 na kuukuta tayari una wafanyabiashara wa pwani. Si ajabu, basi, kwamba mshairi akitaka kuonyesha utulivu, mazungumzo au ukarimu, mkono wake huliendea dele wenyewe.

Lakini akiba ikizoeleka sana hugeuka uvivu. Katika mistari yangu kumi na minne hamna hata mmoja usemao kwamba kahawa hulimwa papa hapa mkoani, katika vilima vya Kalinzi, wala kwamba sehemu kubwa ya buni ya Tanzania huuzwa nje ya nchi. Hamna kwamba ng’ambo ya kaskazini, kwa Wahaya wa Kagera, kahawa ya kumpokelea mgeni haichemshwi katika dele: matunda huchumwa, hutokoswa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, na mgeni hupewa punje chache atafune. Niliandika kahawa ya pwani kwa sababu ndiyo iliyokwisha andikwa. Huo nao ni upofu, ingawa una harufu nzuri.

Zaidi ya hayo, heshima ya kahawa haikuanguka kutoka mbinguni. Katika Kiarabu cha kale neno qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo, kabla halijahamia kwenye kinywaji cha buni. Masufi wa Yemen katika karne ya 15 waliinywa ili wakeshe katika dhikri, na wengine wakawatilia shaka. Mwaka 1511 muhtasibu wa Makka, Khair Beg, aliikusanyia wanazuoni na kuipiga marufuku, na marufuku hiyo haikudumu. Kilichoitoa kahawa kizimbani ni hoja: watu waliieleza ni nini, hutengenezwaje, humfanya nini mwenye kuinywa, na kwa nini hukumu ya mvinyo haiihusu. Sisemi hivyo ili pombe nayo ihalalishwe. Nasema kwamba hata hukumu ya haki, iwe ya kuruhusu au ya kukataza, hutangulizwa na maelezo. Kahawa imepata maelezo hayo. Pombe zetu tumezihukumu zikiwa zimefunikwa gubigubi.

Tazama neno lenyewe. Tunasema “pombe ya kienyeji” na kudhani tumesema kitu. Ukiinua kifuniko utakuta chini yake mambo yasiyofanana hata kidogo. Mbege ya Uchagani ni ndizi na ulezi. Ulanzi wa Iringa ni maji ya mwanzi mchanga yanayogemwa. Wanzuki ni asali. Lubisi ya Kagera ni ndizi na mtama. Tembo la pwani ni utomvu wa mnazi, ambao asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, na ukiachwa siku kadhaa huwa siki. Gongo hukenekwa kwa moto, na nguvu zake ni jambo jingine kabisa. Jirani zetu wa Burundi, ambao Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, huyaita maji ya ndizi yasiyochacha umutobe, na yaliyochacha huyaita urwarwa. Ya mtama huiita impeke. Wao wana majina mawili mahali ambapo mimi, kwa Kiswahili changu cha adabu, niliweka fungu moja la maneno, na mzee wa watu akapotea katikati yake.

Na hilo neno “kienyeji” si la kupita bila kulikagua. Kuku wa kienyeji ni sifa, na bei yake hupanda. Dawa ya kienyeji humgawa msikilizaji: huyu huamini, yule hucheka. Pombe ya kienyeji ni dharau tupu. Nadhani dharau hiyo ina baba. Utawala wa Waingereza uliitenga kisheria pombe ya wenyeji na vileo vya Wazungu, kila moja na masharti yake na wanywaji wake. Utawala ule umekwisha, lakini ngazi ile imebaki katika lugha: chupa yenye nembo huitwa kwa jina lake, na mtungi huitwa kwa jina la wote. Mshairi anayejivuna kwamba anapigania utu wa mtu mweusi, kisha akaitumia ngazi hiyo bila kuitazama, amebeba mzigo wa mwingine.

Watu wa kale hawakuwa wavivu hivyo. Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji haikutungwa na mtu asiyejua tembo. Ndani yake imo kazi ya kugema, imo sifa ya mteja, umo ujanja wa biashara, na imo ladha: ni lazima uijue iliyo safi ndipo uigundue iliyotiwa maji. Maneno machache yamebeba ujuzi wa ufundi mzima, na masheikh wetu huitumia barazani, kikombe cha kahawa mkononi, wala hakuna anayedhani wamelewa. Kujua si kunywa. Hilo babu zetu walilielewa; sisi tumelisahau.

Nililipata fundisho hilo tena katika kazi yangu ya tafsiri. Mwaka 1952 kilichapishwa Omar Khayyam kwa Kiswahili, tafsiri ya Shaaban Robert kutoka katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1859. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, tena mshairi wa maadili kuliko wengi wetu. Rubai za Khayyam ukiziondolea kikombe haziwezi kusimama. Ni nyumba ambayo nguzo yake ya kati ni mvinyo. Hakuikimbia kazi hiyo. Wasomaji wamekuwa wakibishana tangu zamani: je, mvinyo wa Khayyam ni mvinyo wa zabibu, au ni mapenzi ya Mola yaliyovikwa nguo ya mvinyo? Ubishi huo ni mzuri, na umewezekana kwa sababu wafasiri waliacha kikombe mahali pake. Mfasiri aliyekiondoa kwa haya angewaondolea wasomaji hata nafasi ya kukipa maana iliyo bora.

Tena angalieni kazi inayomkabili mfasiri wa Kiswahili katika neno hilo moja. Mvinyo ni neno lililoshuka na Wareno merikebuni. Divai ni la Kifaransa, nalo kwa masikio ya wengi lina harufu ya kanisa. Tembo humpandisha msomaji mnazini. Pombe humweka penye mtungi wa nafaka au ndizi, na mrija ndani yake. Kila neno lina makao yake. Ukimpa Khayyam pombe, umemhamishia kilabuni. Ukimpa tembo, umemleta pwani na kumfunga kitanzi cha mgema kiunoni. Mfasiri hupima, huchagua, na hujibu kwa alichochagua. Mimi katika kipeperushi sikupima. Nilichukua neno “kinywaji,” ambalo halina makao, nikajificha nyuma yake.

Sasa nifike penye uchungu zaidi. Nilipoanza kutunga, nikiwa kijana, nilipeleka mashairi mengi magazetini, na mojawapo lilikuwa la kuilaani pombe. Ubeti wake wa kwanza nausoma hapa bila kuuremba:

Pombe ni adui yetu, hutupotezea njia,
Humaliza mali zetu, na watoto wakalia,
Yavunja na nyumba zetu, na aibu kutwachia,
Tuikimbie wenzetu, mwisho wake ni kulia.

Mizani imetimia, vina vipo, na waliousikia walinipongeza. Lakini tuuhukumu. Vina vya kati ni yetu, zetu, zetu, wenzetu: mtunzi hakutafuta, ameokota. Vya mwisho vina kulia mara mbili. Hayo ni makosa ya mkono, na mkono hujifunza. Kosa kubwa ni la jicho. Hakuna katika ubeti huo mtu hata mmoja. Ni pombe gani? Imepikwa na nani? Nani amekunywa, na kwa nini leo? Liondoe neno pombe, tia kamari, ubeti hautetemeki. Tia uvivu, tia deni, bado umesimama. Ubeti unaoweza kulaani chochote haujalaani kitu. Na wakati nikiutunga, shangazi yangu alikuwa akinilipia daftari na kalamu kwa fedha iliyotoka mtungini. Hilo halimo katika shairi. Nilimwonea haya yeye, basi. Jibu la swali lake nimelijua kwa kuchelewa.

Najua pingamizi litakalokuja, na lina haki yake. Mtasema: ndugu, pombe imebomoa nyumba kweli, na mshairi anayeilaani ameona kilio kwa macho yake. Ni kweli, nami nimezika watu. Ni kweli pia kwamba dini ya wengi wetu imekwisha sema neno lake, na mimi silibishi. Lakini hebu tuulize ni lugha ipi inayomlinda mtu. Tanzania ilipopiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kilichopigwa marufuku kilikuwa na jina: vileo vikali katika vifuko vidogo vya plastiki, vya bei rahisi, vinavyofichika hata katika mfuko wa mtoto wa shule. Kila mtu alielewa ni kipi na kwa nini. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2010, ilichukua njia nyingine: iliitoa chang’aa mafichoni na kuiwekea masharti ya utengenezaji na ya maandishi juu ya chupa. Njia hizo mbili hazifanani, na mtu anaweza kuipenda moja akaikataa nyingine. Zinapatana katika jambo moja, kwamba kitu lazima kitajwe kwanza. Anayechanganya gongo na togwa katika neno moja la laana hamlindi mnywaji wa gongo, na anamdhulumu mama mwenye togwa.

Na kuna mgeni. Ukarimu wetu tumeusifia sana, lakini sharti lake la kwanza hatulisemi: mgeni ajue kilicho mbele yake. Katika utendi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, maadui wanamwalika shujaa katika kikoa cha kula makoma, nia yao wampige mishale akipanda mti. Naye hapandi, anayaangusha makoma kwa mshale wake. Kila nikiusoma naona kwamba kikoa ni kitu kizuri, na ndiyo maana kinafaa kufichia ubaya. Mimi sikuwa na nia mbaya kwa mzee yule. Hata hivyo nilimwalika penye kitu nilichokificha, na yeye hakuwa na sababu ya kujihadhari, kwa kuwa aliamini maandishi.

Baada ya siku ile nilikaa na shangazi kutwa nzima, nikimwuliza kama mwanafunzi. Nilijua kidogo, nikajifunza mengi. Kisha nikajaribu ubeti mwingine. Siuleti kama kielelezo, nauleta upimwe na huo wa kwanza:

Shimoni ndizi zazikwa, zikiiva zanukia,
Mtungi ukafunikwa, mtama ushaingia,
Jina halijatamkwa, chungu kinasubiria,
Mgeni akialikwa, jina ataulizia.

Una udhaifu wake. Mtungi na chungu vimegongana, na malenga aliye bora kuliko mimi angemtaja mwenye mtungi. Lakini huu ukiuondolea ndizi unaanguka, na hiyo kwangu ni dalili ya uhai. Haumwambii mtu anywe. Haumwambii asinywe. Unamweka mahali ambapo atauliza, na akijibiwa ataamua kwa dini yake na akili yake.

Ombi langu kwa watunzi wenzangu, hasa wa visiwani ambako kahawa imeimbwa ikaimbika, ni dogo. Anayetaka kuilaani pombe na ailaani ile aliyoiona, katika nyumba anayoijua, kwa jina lake. Anayetaka kumsifu mgema au mama mpishi na amsifu kwa kazi yake. Na sisi wafasiri tusiwe wapole kuliko ukweli. Upole wa namna hiyo hulipwa na mtu mwingine, aghalabu yule asiyesoma.

Kipeperushi kilichapwa upya, na safari hii mstari wangu umekuwa mistari saba. Unasema: hii ni pombe, ina kileo, hupikwa kwa ndizi mbivu zilizoivishwa shimoni, zikakamuliwa, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa siku mbili au tatu, yasiyochacha yapo pia, ni matamu, hayana kileo, na asiyekunywa pombe aombe hayo, tena aulize siku waliyoyakamua. Kabla sijaipeleka nakala nilimsomea shangazi. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akasema nimesahau majani: ndizi hukamuliwa pamoja na majani, la sivyo maji hayatoki. Nikaongeza.